Zamu ya Maji

Pale Maikona, kwenye ukingo wa jangwa la Chalbi, mzee mmoja wa Kigabra aliombwa atupangie njia ya miguu hadi Ziwa Turkana. Tulikuwa watu wa darubini shingoni, tuliotaka kuwaona ndege wa jangwa wakiwa kwao. Hakuuliza tuna siku ngapi wala tuna fedha kiasi gani. Aliuliza, "Mnataka kufika kwenye maji ya Kalacha saa ngapi?" Kijana aliyekuwa akitutafsiria alijibu kwa niaba yetu kwamba jioni, maana ndiyo desturi ya msafiri kufika kwenye maji jua likizama, apate kunawa na kupumzika. Mzee akatikisa kichwa. Alikuwa ameweka mchangani tonge kavu la mavi ya ngamia kuwa ndiyo Kalacha. Akachukua kijiwe, akakiweka mbali kidogo na lile tonge. "Jioni mlale hapa," akasema. "Maji myasikie harufu tu. Asubuhi ndiyo mwende. Jioni maji yana wenyewe."

Ramani ile ya mchangani ilimlia sehemu kubwa ya asubuhi. Alianza na maji yote ayajuayo kati ya Marsabit na ziwani. Chemchemi aliziweka kwa mavi ya ngamia, visima alivitoboa kwa kidole, na madimbwi ya msimu aliyaweka kwa majani makavu, ambayo upepo uliyachukua naye akayarudisha bila kuonyesha kuchoka. Halafu kila maji akayapa wanywaji wake. Hapa asubuhi ni ngamia wa ukoo fulani, adhuhuri mbuzi, alasiri punda wa akina mama. Hapa usiku ni fisi. Hapa jua likishapanda ni ndege, na aliposema ndege alikunja na kukunjua vidole vya mikono yote miwili mara nyingi, hata kijana wetu akaacha kutafsiri. Njia yetu sisi ilikuja mwisho kabisa. Ilikuwa mstari mwembamba uliochorwa kwa kijiti, ukapita mle mlimobaki nafasi. "Mgeni naye ana zamu yake," alisema mzee. "Ila ni fupi, na asiikose."

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, maana sioni watu wakiisifu. Siku hizi ukisema unapanga safari ndefu ya miguu jangwani kwa ajili ya ndege, utaulizwa una viatu gani, una mtungi wa lita ngapi, na simu itashika mtandao wapi. Vitu hivyo vina mahali pake. Mtu anayetembea kwenye joto la Chalbi anahitaji lita 5 au 6 za kunywa kwa siku kabla hajapika chochote, na asiyeweka hesabu hiyo sawa atakuwa mzigo kwa wenzake. Lakini hesabu ya maji humalizwa jioni moja na mtu yeyote mwenye kalamu. Kazi yenyewe, ile inayomtaka mtu aliyeishi, ni kupanga saa. Kila kiumbe cha jangwani kimekwisha kujipangia siku yake tangu zamani, na anayepanga safari hutafuta mahali pa kupenya bila kumtoa mtu kwenye foleni.

Njia tuliyochorewa nitaitaja kwa ufupi, wanaoijua waione. Unatoka kwenye msitu wa mlima Marsabit, wenye ukungu na baridi ya asubuhi, unashuka kaskazini hadi Bubisa, ukiingia kwenye uwanda wa mawe meusi wa Dida Galgalu. Hapo unakata kuelekea Maikona, unafuata ukingo wa Chalbi hadi Kalacha yenye mikoma yake, kisha North Horr. Mwisho unateremka kusini, mlima Kulal ukiwa mkono wa kushoto, hadi Loiyangalani ziwani. Kwa gari ni safari ya siku chache. Kwa miguu, ngamia wakiwa wamebeba mizigo, unakwenda kilomita 20 hivi kwa siku, tena kwa vipande viwili, alfajiri na jioni, kwa sababu kuanzia saa nne ya asubuhi hadi saa kumi jua haliruhusu mtu wala ndege kufanya jambo la maana.

Ndege aliyehesabiwa kwa vidole ni firigogo. Msomaji wa pwani huenda hajamwona. Ana umbo la njiwa na miguu mifupi, na mgongo wake una rangi ya mchanga na majani makavu, kiasi kwamba waweza kusimama hatua tatu kutoka alipolala usijue yupo mpaka aruke. Chakula chake ni mbegu kavu tupu, na kwa sababu hiyo hana budi kunywa maji kila siku, hata kama maji yako mbali. Chalbi ina aina zaidi ya moja. Yule mwenye tumbo la hudhurungi iliyokolea hunywa asubuhi, jua likishapanda angani, tuseme kuanzia saa mbili na nusu hivi. Yule aitwaye firigogo wa Lichtenstein, mwenye michirizi myembamba mwili mzima, huja magharibi giza linapotanda, na tena kabla hakujapambazuka. Maji ni yale yale, zamu ni mbili, na hawakutani.

Tulilala pale penye kijiwe cha mzee, na kabla ya mapambazuko tukaenda kujilaza nyuma ya mawe, mbali na chemchemi ya Kalacha kiasi cha kurusha jiwe mara mbili. Saa mbili ilipita kimya. Kisha tukaanza kuwasikia kabla hatujawaona. Ni sauti ya koo, ya chini, inayotoka juu pande zote bila mwenyewe kuonekana. Walikuja makundi makundi, kumi, thelathini, hamsini, wakizunguka juu ya mikoma, wakapotea, wakarudi. Hawakutua majini. Walitua kwenye uwazi, mbali na ukingo, wakasimama vile vile wakitazama. Juu ya mkoma mmoja mkavu alikuwa amekaa kozi, naye akiwatazama wao. Subira ile ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia kwa viumbe wenye kiu. Halafu mmoja akakimbia kuelekea maji kwa vile viguu vyake vifupi, na wote wakamfuata kwa mkupuo mmoja, mamia yao. Wakazamisha midomo, wakainua, wakazamisha, wakainua, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi walikuwa hewani.

Wote isipokuwa madume wachache. Hao walibaki wamesimama majini hadi tumboni. Walikuwa wamenyanyua mbawa na mikia ili isilowe, wakijitikisa juu na chini taratibu, wamefungua manyoya ya tumbo. Wenzao walikunywa kwa sekunde chache wakaokoa roho zao. Wao walikaa pale dakika nzima na zaidi, machoni pa kozi. Manyoya ya tumbo la firigogo dume hayafanani na ya ndege mwingine. Nyuzi zake ndogo zimejisokota, na zikiguswa na maji hujikunjua, zikasimama, zikashika maji kama sifongo. Dume mmoja aweza kuondoka na mililita 20 na zaidi. Kisha huruka, mwili ukiwa mzito, kilomita kumi, ishirini, hata thelathini, hadi kwenye changarawe alikowaacha makinda. Makinda hutoka mbio kutoka walikojibana, yeye husimama wima, nao hupitisha midomo kwenye manyoya ya tumbo lake wakinyonya maji ya baba yao.

Mwaka 1896 Mwingereza mmoja, Edmund Meade-Waldo, aliandika kwamba ameyaona hayo kwa firigogo aliokuwa akiwafuga. Wataalamu wengi hawakumsadiki, na jambo lenyewe lilikaa miaka mingi likihesabiwa kuwa hadithi. Ilibidi Tom Cade na Gordon Maclean waende Kalahari kuwapima ndege wenyewe, na mwaka 1967 wakathibitisha kila neno. Nilipomweleza mzee wa Maikona habari hiyo baadaye, kwa njia ya kijana wetu, alinitazama kwa huruma. Akasema wachungaji wa ngamia wote wanajua firigogo humbebea mtoto maji, na aliyetaka kujua angeuliza.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu ndipo upangaji wa safari unapopimwa. Hebu fikiria hema lililopigwa chini ya ile mikoma, hatua kumi kutoka majini, kama yanavyopigwa mengi sasa. Magari hufika alasiri, watu huosha miguu kwenye chemchemi, jiko huwashwa, na asubuhi wageni huamka wakanywa chai yao pale pale wakingoja ndege waliyeahidiwa. Ndege huja. Huzunguka juu ya mikoma, hupotea, hurudi, huzunguka tena. Kila akitazama chini huona nguo za rangi na moshi. Saa nne ikifika kundi limekata tamaa, na kule kwenye changarawe joto la ardhi limeshapanda na kinda bado anangoja. Watu hawa si wabaya. Wamelipa fedha nyingi na wametoka mbali kwa mapenzi ya ndege hawa hawa. Ila aliyewapangia safari alipanga kwa ajili ya hema, na hakukuwa na mzee wa kukisogeza kijiwe.

Waborana, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Ethiopia, hawakuliachia jambo la maji bahati nasibu. Kisima kina baba yake, na kuna mtu aliyepewa kazi ya kusimamia zamu za kunywesha kila siku, aitwaye aba herega. Yeye ndiye ajuaye ng'ombe wa nani watangulie, ngamia wa nani wangoje, na mgeni aliyetoka mbali akiwa na punda mmoja aingizwe wapi. Maneno yake hayapingwi. Nimemwona msimamizi wa namna hiyo akimrudisha nyuma tajiri mwenye mifugo mingi, akampisha mama mmoja na madumu yake, na tajiri akarudi bila kufungua kinywa. Anayepanga msafara wa kuwatazama ndege anafanya kazi ya jamaa hiyo hiyo, isipokuwa yeye zamu anazozilinda ni za wasioweza kuja kulalamika.

Baada ya saa za siku yapo majira. Mvua za huku huja mara mbili, za Machi hadi Mei na zile za Oktoba na Novemba, na zikija kwa nguvu Chalbi hufurika, ikageuka bahari ya tope la chumvi ambamo ngamia huteleza na kuvunjika mguu. Kwa hiyo mtu hawezi kupita humo wakati wowote apendao. Lakini ukingoja mno, nyasi zimekauka, vipozamataza wamenyamaza na madimbwi yamekwisha. Mzuri ni ule upenyo wa baada ya mvua za vuli, tope likishashika, wakati ambao sisi watu wa pwani tunauita kaskazi. Upepo ule ule uliokuwa ukiwaleta manahodha kutoka Ghuba huvuma majira ambayo ndege wa Ulaya na Asia wako Afrika Mashariki. Wengi wao, wakishavuka milima ya Ethiopia, hulikuta Ziwa Turkana likiwa maji yao makubwa ya kwanza ya nchi yetu. Mwezi Desemba fukwe zake hujaa vitwitwi wadogo waliotoka kutaga karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Mtu aliyepanga vizuri huanza Marsabit na ndege wa msituni, akapita kwa wenyeji wa jangwa, akamalizia safari mbele ya wageni hao.

Kuna na mwezi wa angani. Wazee wa Kiborana waitwao ayyantu huhesabu siku 27 zenye majina, wakisoma mwezi pamoja na nyota fulani, na bado wapo watakaokueleza usiku gani unafaa kuondoka. Hesabu hiyo siijui vya kutosha kuifundisha. Ninachojua kwa miguu yangu ni kwamba mbalamwezi ya kutosha humruhusu mtu kutembea kabla ya alfajiri juu ya mawe ya Dida Galgalu bila kuvunja kifundo, na kwamba virukanjia huita zaidi usiku wa namna hiyo. Mzee wa Maikona aliuanza msafara wetu siku chache kabla ya mwezi kuwa mpevu, akasema ndege wa mawe tutamfikia mwezi ukiwa bado unatusaidia asubuhi.

Ndege wa mawe aliyemsema ni kipozamataza anayepatikana Kenya peke yake, hapo Dida Galgalu na katika nchi kavu ya mashariki ya Isiolo, basi. Ukubwa wake ni wa shomoro. Mwingine ana rangi ya kutu, mwingine ni wa hudhurungi ya giza, na wote hupenda uwanda wa mawe ya volkeno wenye vichaka vifupi visivyofika gotini. Mtu wa gari humpita kwa kilomita themanini kwa saa. Anayemtaka hana budi kuwa amekwisha kukaa chini, mgongo kwenye jiwe, kabla nuru haijaja, kwa kuwa huimba mapambazuko, akiwa juu ya kichaka au akipepea hewani, na jua likichoma hushuka chini akatembea katikati ya mawe na hutamwona tena. Tulimpata. Aliimba juu ya kichaka kidogo kwa muda mfupi sana, akashuka, na asubuhi ikawa imekwisha. Safari nzima ya usiku ilikuwa imepangwa kwa ajili ya wimbo huo, na kwangu mimi ilistahili.

Ndege huyo alipewa jina mwaka 1956 kwa heshima ya John G. Williams, aliyekuwa mtunza ndege wa jumba la makumbusho la Nairobi. Ukiangalia orodha ya ndege wa njia hii utakuta majina ya namna hiyo kila mahali. Kuna tandawala wa Heuglin, na kuna kirukanjia wa Donaldson Smith, daktari wa Marekani aliyetoka Berbera na kulifikia ziwa miaka ya 1894 na 1895. Siwanyimi haki yao, maana walisafiri kweli na kuteseka kweli. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejipangia maji. Wasafiri Teleki na Ludwig von Höhnel walipoondoka Pangani mwaka 1887 na kulifikia ziwa Machi 1888, wakalibatiza jina la mwana wa mfalme wao, nyuma yao kulikuwa na mamia ya watu wa pwani na bara. Na pamoja nao alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za hadi Baringo, yule yule aliyesafiri na Joseph Thomson mwaka 1883. Msafara wa siku zile ulipangwa na watu waliojua kijiji gani kina mtama mwezi gani, kisima gani kimekauka, na wapi pa kungoja. Elimu hiyo haikuandikwa. Vitabu vilivyotoka vina picha za tembo waliouawa na urefu wa milima.

Na ndege nao walikuwa sehemu ya elimu hiyo, wakiwa wenzi wa kazi. Hussein Adan Isack, Mkenya wa huku huku kaskazini, akiwa na Heinz-Ulrich Reyer, alichunguza jinsi Waborana wanavyofuatana na yule ndege aongozaye watu kwenye asali. Mwaka 1989 walichapisha matokeo yao. Katika maeneo wasiyoyazoea, watu waliotafuta nyuki bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja, na waliotafuta wakiongozwa naye walitumia saa 3.2. Mrina asali humwita ndege kwa mluzi wa viganja vilivyofumbatwa, au wa kombe la konokono, au wa kokwa ya koma iliyotobolewa, nao husikika zaidi ya kilomita moja. Kwa jinsi ndege anavyoruka na kulia, mrina hujua upande na hujua kama mzinga umekaribia. Hayo ni mazungumzo kati ya mtu na kiumbe wa porini, na yalidumu mpaka juzi tu. Sasa sukari iko dukani, na panapokosekana wa kumfuata, ndege huyo huzoea kukaa bila mtu.

Mengi yamekwenda kwa njia hiyo, bila kishindo. Lami ilipofika Moyale, safari iliyokuwa ya siku nzima na zaidi juu ya lori la mbuzi ikawa ya saa chache, na nani atawaonea wivu watu wa Marsabit kwa barabara yao? Mgonjwa anafika hospitali. Lakini barabara ilipokuja, aliyetafutwa alikuwa dereva, na mpanga njia akabaki chini ya mti wake. Kisha ukaja ukame ulioanza mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ikipita mitupu, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Mchungaji aliyepoteza ngamia wake wote hahamii tena kwenye malisho ya mbali. Anakaa karibu na kituo cha chakula, na mwanawe anakulia hapo. Atajulia wapi dimbwi lisilofikiwa na mtu tangu ngamia wafe?

Huko karibu na Loiyangalani ipo mitambo ya upepo 365, na nyaya zake zinakwenda kilomita 428 hadi Suswa. Umeme tunauhitaji. Ila tandawala, ndege mzito kuliko wengi warukao, ana jicho lililowekwa kwa kazi nyingine. Akiinamisha kichwa kutazama ardhi wakati anaruka, hana nafasi ya kuona kilicho mbele yake, na waya ni jambo ambalo vizazi vyake vyote havikuwahi kukutana nalo. Tumbusi wa Rüppell, aliyekuwa akionekana juu ya kila mzoga, amewekwa tangu 2015 katika kundi la viumbe walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, hasa kwa sumu ambayo watu humwekea simba au fisi, nayo ikamuua yeye. Mzee wa Maikona, alipokuwa akichora, aliweka tumbusi kwenye ramani yake kuwa dalili ya pa kutazama. Mwanawe aliyekuwa ameketi kando alimwambia kwamba hao hawaji tena pale. Mzee akaliondoa jiwe lao, akaendelea.

Vijana wa kule ni hodari, nami sitaki kuwasema vibaya. Wengi hushika simu, wakaielekezea sauti porini, nayo ikawatajia jina la ndege papo hapo. Ninafurahi kila mara kijana wa Kirendile au Kigabra anapotaja jina na mgeni akabaki mdomo wazi. Lakini simu haimwambii ndege huyo atakunywa wapi na saa ngapi, na anayejua anazidi kuzeeka bila kuulizwa. Wageni wanataka waone spishi kadhaa kwa siku kadhaa, na wenye kampuni wanapanga hivyo, kwa hiyo kijana anayejua kungoja hana wa kumlipa kwa kungoja kwake.

Linaloniumiza zaidi ni dogo, na linarekebishika. Visima vya zamani vilikuwa na birika la udongo mbele yake, likijazwa kwa ndoo zilizopokezanwa na vijana huku wakiimba. Ngamia wakinywa maji hufurika, yakatuama kwenye nyayo zao, na ndege wakapata mgawo wao bila mtu kuwapangia. Siku hizi pamechimbwa visima virefu vya mashine, vyenye sola na tangi la plastiki na bomba. Mama anafungua, anajaza dumu, anafunga, na hakuna tone linalopotea. Baadhi vina birika la saruji la mifugo, lenye kuta zilizosimama wima hadi kiunoni mwa mtu. Firigogo hawezi kusimama humo akalowanisha tumbo. Kimoja cha visima hivyo kiko mahali ambapo mzee alituwekea asubuhi nzima ya ndege. Tulifika saa mbili, tukakaa mpaka saa tano. Makundi yalipita juu, yakazunguka tangi, yakaenda zake kusini.

Kinachotakiwa ni kisahani cha saruji kando ya kila kisima, chenye kingo za mteremko, kina chake kisizidi kiganja, kikipata maji yanayochuruzika kutoka kwenye bomba. Ni kazi ya nusu siku kwa mwashi mmoja na mfuko mmoja au miwili ya saruji. Nimewaandikia wahusika wa maji nikaeleza hivyo, nikachora na mchoro, nikataja saa ambazo ndege hunywa. Niliambiwa kwamba maji ni ya watu na mifugo, na kwamba hakuna fungu la ndege. Visima vingine vimepangwa kuchimbwa kabla ya kiangazi kijacho, kwa mchoro ule ule wa kuta za wima.